Fomu za Mchele

Miaka ile chakula kilipokuwa kikigawiwa kwa idadi ya watu wa nyumba, mimi nilikuwa karani. Nilipita mtaa wetu wa Jang'ombe mlango kwa mlango, nikiandika nani anaishi wapi, umri wake na kazi yake. Chini ya fomu palikuwa na nafasi ya maelezo mengine. Mkubwa wetu alipenda ijazwe. Kwa nini, hatukuuliza.

Nyumba ya pili kutoka kwetu walikaa fundi cherehani na mkewe. Mama yangu alipolazwa hospitali, bibi huyo ndiye aliyenilisha. Nilipofika na fomu zangu alikuwa jikoni, anakuna nazi.

"Shikamoo, Bi. Nyumba hii mko wangapi sasa?"

"Marahaba. Wawili."

"Na kaka?" Mtoto wao wa kiume nilikuwa sijamwona tangu mwezi uliopita.

Akaacha kukuna. "Hayo unayoandika yanakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwenye mchele tu."

"Basi mtoe. Keshavuka, yuko Mombasa. Sitaki kula fungu la mtu asiyekuwepo."

Kuondoka kisiwani bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa, na waliobaki nyumbani ndio waliobanwa; nilijua. Ningeweza kuandika wawili, nikaishia hapo. Lakini nilikuwa msichana wa miaka ishirini niliyependa kusifiwa kwa fomu zilizojaa. Nikaandika: mtoto wa kiume kahamia Mombasa.

Haukupita mwezi, wanaume wawili wa ofisi nyingine wakaja kuchukua fomu za mtaa wangu. Nikamfuata mkubwa wetu.

"Watu walisema haya kwa ajili ya chakula. Hawa wanazichukua kwa sheria gani?"

Hakuinua kichwa. "Ukitaka sheria, nenda kawaulize wao."

Sikwenda. Nilirudi kwenye kiti changu nikanoa penseli.

Siku ya tatu, asubuhi, fundi alichukuliwa, suruali ya mteja ikiwa bado kwenye cherehani. Nilikaa wiki nzima nikijikaza ndipo nikaenda kwa mkewe kumwambia ukweli.

"Najua," akasema. "Walinisomea. Yalikuwa maneno yangu, hati ya mkono wako."

Hakupandisha sauti. Alinifungulia mlango nitoke, na tangu siku ile hakuniitikia salamu.

Fundi alirudi baada ya miezi mitano. Vidole vya mkono wa kulia havikukunjika tena, na sindano hakuweza kuishika. Hakusimulia alikokuwa. Waliuza cherehani, wakahamia shamba, Bumbwini, kwa ndugu wa mke. Huko ndiko fundi alikofia, wakati majumba marefu ya Michenzani yanaendelea kujengwa.

Niliomba kuhamishwa kazi, nikakataliwa. Mwaka mzima zaidi nilipita na fomu zile zile. Mtu akianza kunieleza habari za nyumbani kwake, nilimkatiza: "Nambie idadi tu, yaliyobaki usinambie." Wengine walidhani nina kiburi.

Siku hizi nasikia ipo sheria: anayechukua habari za mtu lazima amwambie anazitakia nini, wala asizipeleke pengine. Mjukuu wangu alinisomea mezani, akashangaa kuniona nimeacha kula. Nilimwambia sina njaa. Kisa cha fundi sikumsimulia. Hadi leo sijapata pa kuanzia.