Bwana yangu anawatetea wasichana wote wa chuo isipokuwa mimi

Admin, naomba jina langu lisitoke, na la mtoto nimelibadilisha. Ninyi wa ukurasa huu mmenifundisha mengi kwa visa vyenu, leo nimeleta changu.

Niko mama wa miaka ishirini na minne, ninakaa Kindu, komine ya Kasuku. Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Asubuhi ninauza bitumbura, maandazi yetu ya mviringo, kando ya barabara, nikirudi ni maji, ni kutwanga sombe ya majani ya muhogo, ni kufua, mpaka mwili unaniambia basi. Bwana yangu anamaliza masomo mwaka huu. Alipaswa kwenda Bukavu kufanya staji, yale mazoezi ya kazi, kwenye shirika linalotetea wanafunzi. Vita ikafunga njia, wakamwambia: fanyia nyumbani, kwa simu. Kazi yake ni kutafuta sheria za vyuo, kuzisoma, na kuwasaidia wanafunzi wenye shida: aliyefukuzwa, aliyekimbia vita na chuo kipya kinamkataa, msichana aliyeshika mimba.

Kwetu mtandao unakamata sehemu moja tu, upande wa jikoni. Yeye yuko kwenye kiti na simu, mimi niko kwenye kinu na sombe. Basi kila mara nasikia:

"Mama Salima, simamisha kutwanga kwanza, kuko muntu analia huku."

Nasimamisha. Mtoto mgongoni ananivuta nywele, moto unazimika, na mimi nimesimama na mchi mkononi namsikiliza bwana yangu akimwambia msichana asiyemjua hata sura: "Pole, dada. Sema polepole, niko nakusikiliza." Sauti laini kama ya siku zile alipokuwa ananitafuta. Mimi niliyezaa naye mara mbili, lini aliniambia sema polepole?

Siku moja nikamtania, "Hawa wasichana wako watakula hapa leo? Niongeze fufu?"

Akacheka. "Hii ni kazi, mama. Sasa unaonea wivu hata kazi?"

Ndiyo, nilikuwa na wivu, na nilifikiri ni ule wa wanawake wote. Kumbe kulikuwa na mwingine chini yake.

Mimi pia nilianza chuo. Tulikuwa chuo kimoja na yeye, njo hapo tulijuana. Nikiwa mwaka wa kwanza tumbo la Salima likaonekana. Mtu wa ofisi akaniambia mwenye tumbo haingii, ni sheria ya chuo. Nikakusanya vitu vyangu nikaenda. Bwana yangu, mwenye kunipa mimba ile, aliendelea kupita mlango uleule kila asubuhi, na sikumlaumu, maana nilisema sheria ni sheria.

Sasa juzi nikiwa kwenye kinu nikamsikia anamwambia msichana: "Sheria za vyuo vyote tulivyopata nimesoma, na ya hapa Kindu nimesoma. Hakuna pahali imeandikwa musichana mwenye mimba atoke. Wanasema tu kwa mudomo. Rudi darasani."

Safari hii hakuniambia nisimamishe. Mchi ulisimama wenyewe.

Alipokata simu nikamwuliza, "Baba Salima, ile neno umelijua tangu lini?"

"Neno gani?"

"Ya kwamba hapakuwa sheria."

Akaangalia simu yake. "Tangu nilianza staji."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia halafu? Watoto nani atakaa nao? Ngoja kwanza mimi nimalize, nipate kazi, nyuma yake wewe utarudi. Haraka ya nini?"

Nikarudi kwenye kinu. Mama yangu, anayekaa ng'ambo ya mto, Alunguli, alikwisha kusema mkubwa nimpelekee. Aliyebaki ni huyu wa kunyonya.

Kesho yake nikiwa kwenye bitumbura nikaazima simu ya jirani yangu, namba yake bwana yangu haijui. Nikaiandikia ile namba ambayo bwana yangu anawapa wanafunzi. Niliandika kwa Kifaransa changu cha shule: niko mama hapa Kindu, nilifukuzwa kwa mimba, nataka kurudi, nina mtoto mchanga, bwana yangu anasema ningoje. Jina sikuweka.

Alijibu kwa sauti, maana njo vile anapenda. Nikaweka simu sikioni, mafuta yanachemka mbele yangu.

"Pole sana, dada. Hakuna sheria inayokukataza, nenda ujiandikishe mbele hawajafunga. Tena mutoto haukumuzaa peke yako. Baba yake akae naye saa za masomo. Na huyo bwana anayekuambia ngoja, muulize: ngoja mpaka lini? Akikosa siku ya kukutajia, ujue hakuombi ungoje. Anakukatalia."

Nikarudia kusikiliza, bitumbura vikaungua. Wivu nilioshikwa nao hapo sijui nawaelezaje. Nilimwonea wivu yule dada wa kwenye simu, na nilikuwa mimi.

Jioni tukiwa tunakula akaniambia, "Leo nimeongea na mama moja wa hapahapa Kindu. Ana akili. Bwana yake njo mushida." Nikamwongezea sombe kwenye sahani.

Kujiandikisha nitajiandikisha, hilo siwaombi ruhusa. Chuo kinafunga milango wiki ijayo. Lakini bwana huyu nampenda, si mtu mbaya, hanipigi, watoto anawapakata. Nikimwekea sauti yake asikilize mbele yangu, naogopa aibu itageuka hasira, aseme nimemtega. Nikinyamaza, atabaki shujaa wa wasichana wa watu, na nyumbani ni ngoja kila siku.

Leo asubuhi jirani ameniletea simu yake anacheka. Bwana yangu ameandika tena: "Dada, ulifikia wapi? Bwana yako alisema nini?"

Wazazi wangu na dada zangu, nishaurini. Nimjibu kwa simu, ao nimjibu akiwa amekaa pale kwenye kiti chake?