Mkebe wa Mvua wa Nyamagembe

Bibi yangu Apolonia, mama yake Kamili, ndiye aliyenyesha mvua ya Agosti juu ya mlima Nyamagembe. Hakuwa mganga wa mvua. Alikuwa Mkatoliki wa Ushirombo mwenye adabu iliyopita kiasi, na adabu hiyo nusura iwamalize yeye na majirani zake.

Nyamagembe ni mwamba mtupu. Mawe yake yana mistari myekundu na myeusi, mazito kwa chuma, na kila masika radi inaupiga kama wana ugomvi. Kileleni maji hayakai. Mvua inazama kwenye nyufa, inapita tumboni mwa mlima na kutokea chini kabisa, kwenye chemchemi iliyokuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwa bibi. Juni hadi Septemba huko juu kuna upepo na mijusi, basi.

Mwaka 1931 Mzungu mpima ardhi aliweka mkebe wa kukinga mvua kileleni. Bibi akaajiriwa kuuteremsha kila mwisho wa mwezi ili Karani Salehe apime maji na kuyaandika kitabuni, kisha aurudishe. Masika mambo yalikwenda vizuri. Juni akaukuta mkavu. Sasa, kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, unamrudishia bakuli na karanga, hata konzi moja. Bibi akapitia kwenye chemchemi, akatia kata moja ya maji. Julai akatia kata mbili, kwa sababu Salehe alikuwa ametoka kuugua.

Akaendelea hivyo kila kiangazi. Baada ya miaka miwili ikaja amri. Bondeni kulikuwa na mbung'o waletao malale, watu walikuwa wanahamishwa, na wakubwa walikuwa wamekisoma kitabu: Nyamagembe ina mvua mwaka mzima! Kaya kumi na mbili zihamie kileleni, zilime viazi. Kulima juu ya chuma! Hadi leo nikifikiria nachemka.

Bibi alikwenda mbio kwa karani.

"Shikamoo, Mama Kamili."

"Marahaba. Karani, yale maji ya kiangazi ni ya kwangu. Niliyachota chemchemi."

Salehe akaweka kalamu chini. "Yote?"

"Ningekuletea chombo kitupu, mtu na heshima zako?"

"Mama, wino umeshakauka na kitabu kimeshapanda treni. Nikisema niliandika adabu zako kwa inchi, watanifunga."

Wakahama. Nyumba walijenga kwa kupanga mawe, maana udongo wa kukandika haukuwepo. Babu alipanda viazi kwenye ufa, akavipigia magoti. Kila alfajiri wanawake walishuka kuchota maji kwenye chemchemi ileile, wakarudi juu saa sita na mitungi nusu. Nyumba ya bibi ilionekana vizuri kutoka kileleni, mlango wazi, mbuzi wa watu wakiingia na kutoka. Aliitazama na kulia mbele ya watu, wala hakujificha.

Mwisho wa Julai Salehe akamwambia, "Mama, mwezi huu niletee mkebe kama ulivyo."

"Mkavu?"

"Mkavu."

Bibi akamkabidhi mkebe kwa mikono miwili, uso ameugeuzia ukutani. "Nisamehe, baba," akasema, na siku hiyo hakula. Salehe akaandika sifuri. Agosti sifuri. Septemba sifuri.

Mzungu akapanda mlima mwenyewe, amewiva kwa hasira. Akautazama mkebe, akawatazama watu, akapata jibu: mlima ulikuwa na mvua mpaka hawa walipofika. Wameimaliza! Akaamuru wote washuke kabla hawajamaliza na umande.

Walishuka siku hiyohiyo. Bibi akafukuza mbuzi nyumbani kwake, akanywa maji ya chemchemi mpaka tumbo likamuuma.

Nilimuuliza kama hakuona uchungu kuandikwa kwenye kitabu cha Serikali kuwa amemaliza mvua. Akasema hilo halikumkosesha usingizi hata siku moja. Kilichomuuma ni kwamba alimpelekea Salehe mkebe mtupu mara tatu.