Pikapu ya Mama Faiba

Wateja walimwita Mama Faiba kwa sababu mikono yake haikukosa ukoko wa gundi, na vumbi la faiba lilimwasha mpaka shingoni. Karakana yake ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya nyumba, limejaa boti za faiba zilizolazwa kifudifudi. Tangu waoane, yeye na mumewe waligawana kazi: mke aliziba nyufa, akapiga msasa na kupaka rangi, mume alizifunga boti kwenye trela na kuzivuta kwa pikapu hadi ziwani.

Mume akafia kwenye kazi hiyohiyo. Ilikuwa siku ya mvua, anashusha trela kinyumenyume kwenye mteremko wa zege, na boti ilikuwa kubwa kuliko pikapu ile ndogo ya bluu. Magurudumu yakakosa mshiko kwenye utelezi wa kijani. Gari likarudi nyuma taratibu, kama lisilo na haraka yoyote, likaingia majini na mtu ndani. Vioo vya milango vilikuwa vya umeme, na umeme ulishazimika. Mkewe alikuwa amesimama palepale, ameshika kamba ya boti. Alimwona akipiga kioo. Hakupiga kwa ngumi. Alipiga kwa kiganja, kama mtu anayebisha mlango wa jirani.

Tangu hapo, mvua ikigonga mabati ya karakana, yeye husikia viganja. Huacha msasa, akatega sikio. Anajua ni mvua. Anatega hivyohivyo.

Pikapu ilipoopolewa aliiuza kama chuma chakavu, akajaribu kukodi madereva wenye magari yao. Mmoja aliikwangua boti ubavu mzima kwenye geti la mteja, mwingine alisahau kufunga mikanda, na lawama zote zikaangukia karakana. Mwisho akamwendea shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi magari mwenye mdomo usiopumzika.

"Shemeji, nataka pikapu."

"Ya kuvutia boti?"

"Ya kwendea harusini! Ya kuvutia boti, ndiyo."

"Na dereva nani?"

"Mimi."

Shemeji akaweka spana chini. Akanawa mikono.

Wakaenda kwenye uwanja wa magari yaliyotumika. Muuzaji, bwana mmoja aliyevaa tabasamu kama sare ya kazi, akawapeleka moja kwa moja kwenye pikapu nyeupe inayong'aa. "Hii haijachoka, mama. Mwenyewe alikuwa anaendea ofisini tu."

Shemeji akajilaza chini kukagua chasisi. Mama Faiba akapanda, akakaa kwenye usukani. Manukato yalikuwa mengi mno mle ndani, na chini ya manukato kulikuwa na harufu nyingine, baridi, ya tope la chini ya maji. Mkono wake ukaenda wenyewe chini ya dashibodi. Ukakuta kiraka cha faiba. Miaka ya nyuma aliziba ufa hapo kwa gundi iliyobaki kazini, akaikandamiza kwa dole gumba kabla haijakauka, na mumewe akacheka: "Sasa umetia sahihi, gari ni lako." Akaliweka dole gumba kwenye lile bonde dogo. Likaenea.

Shemeji akatoka uvunguni, uso umempauka. Na yeye alikuwa ameona huko chini mshono wa kuchomelea alioupiga kwa mkono wake.

"Shuka, shemeji."

"Nimeshajua."

Lakini hakushuka. Akawasha swichi, akabonyeza kitufe cha kioo. Kioo kikateremka laini, bila kukwama, bila hata mlio. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Alipojifuta, akamwambia muuzaji, "Gari hili lilizama ziwani. Mume wangu alifia humu. Umwambie atakayelinunua."

Tabasamu likamwisha yule bwana. "Mama, na mimi nililetewa hivihivi, limeshapakwa rangi."

"Basi sasa unajua."

Hawakurudi pale. Pikapu waliyoichukua waliipata kwa mkandarasi wa barabara: kuukuu, nzito, ya dizeli, inayovuta kwa magurudumu yote manne, na vioo vya milango vya kuzungusha kwa mkono. Mama Faiba alivizungusha juu chini, juu chini, mpaka mkandarasi akaangalia pembeni.

"Ina sura ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi," shemeji alisema.

"Sijaitafutia mchumba."

Shemeji akaivalia njuga. Kulabu ya trela akaifunga kwenye chasisi yenyewe, si kwenye bampa. Akaongeza springi za nyuma, akavalisha matairi yenye meno marefu, akalitia trela breki zake lenyewe ili boti isiwe inalisukuma gari. Akavuta nyaya za taa, akafunga minyororo miwili chini ya kulabu. Mama Faiba akachonga kabari nene za mbao za kuzuia magurudumu, na pembeni ya kiti akaning'iniza nyundo ndogo ya kuvunjia kioo. Mwisho vikafungwa vioo vya pembeni virefu, vilivyochomoza kama masikio, aone trela lote hadi mkia.

Akajifunza kurudi nyuma na trela kwenye uwanja mtupu, mpaka mikono ikazoea kwamba usukani ukienda huku, trela linakwenda kule.

Siku ya kwanza ya kazi ilikuwa asubuhi kavu, ziwa limetulia. Aliuteremka mteremko kinyumenyume, kioo kimeshushwa, mkanda haujafungwa. Kwenye kioo cha pembeni cha kushoto aliona mtu mwenye ovaroli amesimama karibu na maji, anamwita kwa mkono: njoo, njoo, kata kidogo. Akafuata ishara zile, na trela likanyooka kama limepigiwa mstari.

"Unakwenda vizuri, shemeji," sauti ikasema, karibu kabisa na sikio lake la kulia.

Akakanyaga breki. Shemeji alikuwa dirishani kwake, kabari mkononi.

"Nani yuko huko nyuma?"

Shemeji akageuka, akatazama kwa muda. "Hakuna mtu."

Kwenye kioo cha kushoto kulikuwa na zege na maji tu. Pikapu ilisimama palepale, haikuteleza hata unyayo. Akangoja pumzi imrudie. Akaendelea kurudi nyuma, pole pole, mpaka boti ikaelea yenyewe, kisha akapanda mteremko na trela tupu linalochuruzika maji.

Siku hizi anavuta boti za watu wengi, na hajaikwangua hata moja. Shemeji bado huenda naye, na amekwisha kuzoea kwamba juu ya mteremko, kabla ya kuingiza gia ya kurudi nyuma, Mama Faiba hutoa kichwa dirishani na kusema kwa sauti ya kawaida ya nyumbani:

"Sogea pembeni, mume wangu, nisije nikakukanyaga."