Mafuta ya Upako kwenye Vioo Vinne

Dada yangu alikuwa na vioo vinne, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Juu ya kila kioo alikuwa amelaza utando wa fuwele, mwembamba kiasi kwamba macho hayakuuona. Uliona tu rangi ya zambarau ikiteleza ukikigeuza kioo dirishani. Alivileta nyumbani, kwenye fleti yetu ya Kariobangi, kwa sababu kabati la maabara ya chuo chake lilikuwa linaingiza unyevu. Alivifungia ndani ya kopo la plastiki pamoja na vile vifuko vya punje za kukausha vinavyowekwa ndani ya viatu vipya, ambavyo aliviomba kwa wauza viatu. Mashine ya kutengenezea utando ilikuwa imekufa, na haingefufuka muhula huo. Vioo hivyo vikitoa vipimo vizuri vya kupitisha umeme, msimamizi wake angempa nafasi pekee ya kuendelea na utafiti. Visipotoa, angempa mwanafunzi mwingine.

"Unahangaikia kitu hata hakionekani?" nilimuuliza.

"Sikiza, mshairi. Kwenye fuwele nene, chembe zimejipanga kama watoto wa shule kwenye paredi. Ioni, ile chembe inayobeba umeme, ikitaka kupita, inabanwa. Lakini kule kwenye uso mstari umevunjika, kuna nafasi tupu, ioni inaruka inavyotaka. Sasa punguza unene, punguza tena, mpaka kusiwe na katikati. Kila kitu ni uso. Ukigusa uso, umegusa fuwele nzima."

Niliyanakili maneno hayo kwenye daftari langu. Yalikuwa mazuri kuliko yoyote niliyowahi kuandika, na hilo sikumsamehe. Wiki chache kabla, alikuwa ameisoma hadithi yangu ya kwanza mbele ya binamu zetu, akiiga sauti ya mhubiri, wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Mwezi unalia? Msee, si uupatie leso!" Dada aliniambia.

Jumapili, Mama alirudi kutoka kanisani na chupa ndogo ya mafuta ya upako. Dada alikuwa juu ya paa akianika nguo. Nilipopita mlangoni mwa chumba walicholala yeye na Mama, nilimwona Mama amelifungua lile kopo. Alilowesha kidole, akachora msalaba kwenye kioo cha kwanza, polepole, akinong'ona Kiluhya. Kisha akachukua cha pili. Neno moja tu lingetosha. Vilikuwa vimebaki viwili. Nilisimama pale, nikamtazama akivimaliza.

Jumanne Dada aliingia akiimba. Umeme ulikuwa umepita kwenye vioo vyake kwa wingi ambao hakuutarajia hata ndotoni.

"Uso umefanya maajabu!" alisema.

"Asifiwe Bwana," Mama akajibu, akaenda kumpikia chapati.

Mimi nilimpongeza. Nilimwambia asimwonyeshe msimamizi peke yake, awaite na wenzake wote waje wasikie. Alinikumbatia kwa wazo hilo.

Alhamisi, mbele ya darasa zima, msimamizi alikiinua kioo kimoja kwenye mwanga, akakiinamisha, akakinusa.

"Hii ni fuwele ama ni mandazi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Msimamizi alimweleza Dada, bila haraka, kwamba alichopima ni chumvi ya jasho la kidole cha mtu iliyonaswa kwenye mafuta. Fuwele yenyewe haikuwa imesema chochote. Ijumaa nafasi ile ilikwenda kwa mwingine.

Jioni hiyo Dada alivipanga vile vioo mezani, kando ya sufuria ya sukumawiki. "Nani?"

"Niliviombea, mwanangu," Mama akasema. "Nilivipaka upako kidogo tu."

Dada aliitazama mikono ya Mama. "Mikono ya kusugua vyoo vya watu. Ndiyo hiyo uliyoamua kunishikia nayo maisha yangu?"

Mikono hiyo ndiyo iliyomlipia karo. Mama aliishusha chini ya meza.

"Na kwani hakuna mtu aliyekuona akakukataza?"

Mama akaniinulia macho. Ndipo nilipojua kwamba siku ile alikuwa ameniona mlangoni.

"Nilikuwa peke yangu," akasema.

Nilimega ugali, nikachovya, nikala.

Dada alihama mwezi uliofuata. Sasa anakaa upande wa Makadara, anauza vifuniko vya simu, na hampigii Mama. Hunipigia mimi. Huniambia kwamba katika nyumba ile ananiamini mimi tu, kisha hunituma: mwambie aache kuniletea chakula, mwambie asije kazini kwangu, mwambie asiniombee tena. Nami huufikisha ujumbe kama ulivyo, bila kupunguza neno. Mama husikiliza mpaka mwisho huku akinitazama, na hajawahi kuniuliza kitu.