Kiseyian Alikwenda Uturuki Kujifunza Kupika

Kiseyian, mtoto wa mzee Moreto, alikwenda Uturuki kujifunza upishi, na jambo hilo lilikuwa gumu kulieleza nyumbani kwao, upande wa Misima, wilayani Handeni. Safari yenyewe watu waliielewa. Vijana wa Kimaasai wa huko wamezoea kuondoka. Wako wanaolinda majumba Dar es Salaam, wako wanaosuka nywele Zanzibar, wala hakuna anayewahoji sana. Lakini mwanaume apande ndege kwenda kujifunza kupika! Mzee Moreto alipoulizwa mnadani mwanawe anasomea nini, alijibu, "Mambo ya hoteli," kisha akahamishia mazungumzo kwenye bei ya madume.

Kiseyian hakumlaumu. Hata yeye hakuwa amepanga. Alipomaliza kidato cha nne alipata kibarua cha kuosha vyombo Korogwe, katika mgahawa ambako mabasi ya Arusha husimama abiria wapate chakula. Huko ndiko alikovutiwa na kasi ya jikoni: basi linaingia, watu wanamiminika, na kabla dereva hajapiga honi kila mmoja amekwisha kula cha moto. Akajiunga na chuo cha hoteli palepale mjini. Mwaka wa mwisho, zilipopatikana nafasi za kufanya fildi, yaani mafunzo ya kazini, nje ya nchi, mwalimu wake alimpendekeza yeye na Shadya, binti kutoka Dindira aliyesomea huduma za vyumba.

Hoteli waliyopelekwa ilikuwa pwani ya kusini mwa Uturuki, kubwa kiasi kwamba Shadya alipotea mara kadhaa akiwa na kikapu cha mashuka mkononi. Kiseyian alipangiwa jiko la mikate, chini ya mzee mmoja mwenye masharubu meupe aitwaye Riza. Riza alijua Kiingereza cha kuombea chumvi tu. Alifundisha kwa mikono. Aliusukuma unga kwa kijiti chembamba kirefu mpaka ukawa mwepesi kama kitambaa, ukiuinua unaona mwanga upande wa pili, kisha akautandazia jibini na majani, akaukunja na kuupeleka kwenye oveni. Kiseyian alipojaribu, unga ulichanika. Akarudia, ukachanika tena. Mzee Riza aliushika mkono wake, akaupunguza kasi, akasema neno moja la Kituruki ambalo Kiseyian alilijua upesi kwa kulisikia kila saa, lenye maana ya taratibu.

Alikuwa ameanza kuelewa pale meneja wa burudani, bwana mmoja mchangamfu aitwaye Levent, alipomwona akipeleka mikate ukumbini. Levent alitazama alama ya duara shavuni mwake, akatazama ndewe za masikio yake.

"Wewe ni Mmaasai? Mmaasai wa kweli?"

"Ndiyo."

"Alhamisi tuna jioni ya Afrika! Utanisaidia?"

Kiseyian aliona vibaya kukataa. Alikuwa mgeni, naye bwana yule alizungumza kwa upole. Akapewa kitambaa chekundu chenye harufu ya plastiki na fimbo iliyopakwa rangi, akapanda jukwaani akaruka. Wageni walipiga makofi na kurekodi kwa simu. Mwenyewe alicheka pia, hakuona ubaya wowote.

Wiki iliyofuata ikawa si Alhamisi peke yake. Yakaongezeka mazoezi ya alasiri, na alasiri ndiyo saa ambayo mzee Riza aliandaa unga wa kesho. Siku za mwanzo Riza alimwachia nafasi mezani. Baadaye nafasi ile akapewa mwanafunzi mwingine.

Shadya ndiye aliyemwambia ukweli, wakiwa wanakula katika bwalo la wafanyakazi.

"Hivi wewe, ripoti ya fildi utaandika nini? Kuruka?"

"Wananipenda lakini."

"Wanakupenda, sawa. Na kupika umejifunza?"

Siku yake ya mapumziko Kiseyian alimpigia baba yake simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Huko mvua ipo?"

"Hakuna, jua tupu."

Wakazungumzia malisho, wakamzungumzia ndama aliyevunjika mguu. Mwishowe Kiseyian akamweleza habari ya jukwaa, akitegemea kukemewa.

"Unaruka na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako! Na nani anakuimbia?"

"Wanafungulia spika."

Mzee Moreto aliangua kicheko, akacheka mpaka akakohoa. "Mtu anarukaje peke yake, Kiseyian? Sasa mchana unafanya nini?"

"Napika. Yaani, nilikuwa napika."

"Basi rudi ukapike," mzee alisema, kicheko kikiwa kimemwisha. "Mimi hapa nimeshawaambia watu kwamba mwanangu anapika."

Kiseyian alibaki na simu sikioni hata baada ya baba yake kukata. Hakuwahi kumsikia akilitamka neno lile.

Kesho yake alimfuata Levent ofisini, akamwambia kwamba amekuja kujifunza upishi na muda unakwisha, kwa hiyo jukwaani hatapanda tena. Levent hakufurahi.

"Wageni wameshakuzoea. Picha yako iko kwenye bango pale mlangoni!"

"Naomba iondolewe, bwana."

Walibishana kwa heshima. Mwisho wakakubaliana apande Alhamisi ile tu, kwa kuwa ilikuwa imeshatangazwa, basi. Alipanda, akashuka, akakirudisha kitambaa kikiwa kimekunjwa vizuri. Bango liliondolewa, ila kwa muda mrefu Levent alimpita bila salamu, na jambo hilo lilimuuma Kiseyian kuliko alivyotarajia.

Mzee Riza naye hakumpokea kwa shangwe. Alimpa vitunguu amenye na masinia asugue, kama vile ndiyo kwanza ameshuka kwenye ndege. Kiseyian alimenya, akasugua. Asubuhi moja Riza alisogea pembeni akamwachia meza na kijiti. Unga ulitanda, ukatanda, ukachanika kidogo ukingoni. Riza aliukunjia upande uliochanika ndani, akausukumia kwenye oveni. Wageni wakaula.

Tangu siku hiyo hakuondoka mezani pale mpaka fildi ikaisha.

Sasa Kiseyian anapika katika mgahawa mpya karibu na stendi ya Korogwe. Anatengeneza mkate ule mwembamba kwa vitu vinavyopatikana sokoni, mwingine kwa mchicha wa Magoma, mwingine kwa nyama ya kusaga. Abiria wanauita chapati ya Mturuki, naye amechoka kuwasahihisha.

Siku moja baba yake alifika akiwa na wazee wenzake wawili waliotoka kuuza ng'ombe. Walikaa, wakaegemeza fimbo ukutani, na mzee Moreto akamwita Upendo, dada anayehudumia meza.

"Huyo anayepika yuko wapi? Mwambie atoke."

Kiseyian alitoka akijifuta mikono. Alivua kofia yake nyeupe, akainamisha kichwa, na wazee wakamgusa utosini mmoja baada ya mwingine.

"Ndiye huyu?" mmoja aliuliza.

"Ndiye," mzee Moreto alisema.

Walipoletewa mikate ya aina zote mbili, wazee walitazamana, wakala polepole. Mzee Moreto aliumaliza wa nyama, akaufunua ule wa mchicha kwa kidole, akachungulia ndani, akausogeza kando.

"Huu wa majani wape wengine," alimwambia mwanawe. "Wa nyama lete tena."