Kibuyu cha Nabwire Chapinduliwa Malaba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Perez Apolot ameketi mbele ya kibuyu kilichopinduliwa mdomo chini, na hakigusi. Moto umeshika. Maji ya majani machungu ya mululuza yanachemka kwenye chungu. Ng'ombe amekwisha kukamuliwa, na maziwa yako kwenye sufuria yamefunikwa kitambaa. Kila kitu kiko tayari isipokuwa jua.

"Likitoka tu, nakiinua," anasema. "Kabla ya hapo, hapana."

Nyuma yake, juu ya mkeka, amelala mjukuu wake Ekisa, msichana wa miaka minne. Tangu Jumatano, siku kibuyu hicho kilipopinduliwa, hakuna chakula kilichokaa tumboni mwake. Leo ni Jumamosi. Mikono yake imetoka nje ya blanketi, na ni myembamba mno hata inatia uchungu kuitazama.

Kando ya mkeka pana kigoda kitupu. Mwandishi wa habari hizi alipotaka kukikalia, Apolot alimshika mkono.

"Hapo usikae, Bwana Gazeti," alisema taratibu. "Hapo pana mtu."

Mwandishi huyu haamini mambo ya mizimu, na anataka ijulikane hivyo mapema. Lakini hakukaa.

Apolot ana umri wa miaka hamsini na mitano hivi. Nyumba yake iko kando ya njia ya kutoka Malaba kwenda Kocholia, mahali ambapo mlio wa gari moshi husikika vizuri asubuhi. Kazi yake ni maziwa ya kugandisha na dawa za majani. Wanaokuja kwake ni akina mama wenye watoto dhaifu, wazee waliotoka kuugua, na madereva wa malori ambao matumbo yao yameharibiwa na vyakula vya njiani.

Kikombe kimoja ni senti thelathini. Siku njema huuza vikombe ishirini, yaani shilingi sita. Mwenye mtoto mgonjwa hatozwi.

Kazi yenyewe inataka subira. Kwanza hukata matawi ya mti wa maua ya njano unaoota kando ya reli, akayakausha, akayachoma yawe makaa. Kwa makaa hayo husugua kibuyu ndani mpaka kiwe cheusi. Kisha humimina maziwa mabichi juu ya yale machache ya zamani yaliyobaki chini. Hayo machache ndiyo mbegu. Mbegu haimalizwi kamwe, kwa sababu ndiyo inayogandisha maziwa ya kesho.

"Mtu akitoka kuugua, mwili wake ni kama nyumba haina mlango," anaeleza. "Kila ugonjwa unapita hapo unaingia. Mululuza inafagia ndani. Maziwa ndiyo mlango."

Kiprono, dereva wa lori kutoka upande wa Eldoret, ni mteja wake wa miaka mitatu. Kwao maziwa ya kibuyu si kitu kigeni, na kwa hiyo hasifu ovyo.

"Nilikuwa nikila hoteli za hapa mpakani, naumwa tumbo kila safari," anasema. "Mama huyu alinipa hii maziwa wiki mbili. Mpaka leo nakula hata mawe. Lakini mimi sikai kwake jioni. Nakunywa, nalipa, naenda."

Kwa nini? Kiprono akacheka kidogo, akatazama gurudumu la lori lake.

"Muulize yeye."

Mbegu ile haikuwa ya Apolot. Ilikuwa ya mke mwenzake, Nabwire, Msamia wa Funyula aliyeolewa kabla yake katika nyumba ya mume wao, marehemu Ongodia. Nabwire ndiye aliyemfundisha kazi. Wake wenza wengi hugombana, lakini hawa wawili, majirani wanasema, walikuwa chanda na pete. Jioni waliketi kwenye vigoda vyao viwili na kugawana kikombe kimoja cha maziwa.

Nabwire alifariki wakati wa mafuriko ya mwaka wa sitini na moja. Mvua ilikuwa imekula njia zote. Kaburi lilichimbwa huku maji yakichotwa kwa ndoo.

Ni desturi ya nyumba ile kwamba mtu akifa, vyungu na vibuyu vyote hupinduliwa mdomo chini hadi macheo ya siku ya tatu. Chombo kilichosimama, wazee husema, humfanya aliyekufa adhani bado ana fungu lake. Kikipinduliwa, anajua kwamba chakula kimekwisha na safari imeanza.

Apolot alipindua kila kitu. Kibuyu kimoja tu alikificha nyuma ya ghala, kimesimama, na mbegu ndani.

"Nilijua nafanya makosa," anasema. "Lakini watoto walikuwa wanahara kila boma kwa sababu ya yale maji. Ningemwaga mbegu, ningewapa nini? Nilisema, Nabwire atanielewa. Kumbe Nabwire alielewa vingine."

Asubuhi ya nne alifungua kibuyu akakuta maziwa yamepungua kwa vidole vinne. Akadhani ni paka. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Akakiweka juu ya majivu aone kama kinavuja, na majivu yakabaki makavu. Akalala akiwa amekikumbatia, na bado vidole vinne vikaenda. Mambo yakaendelea hivyo kwa miaka saba.

Wakati huohuo maziwa yalizidi kuwa mazuri. Watoto waliokuwa wakibebwa walirudi kwao wakikimbia. Sifa zilifika hadi Khunyangu.

"Nilimwachia tu," anasema. "Vidole vinne si kitu. Na usiseme nimekuambia uongo, Bwana Gazeti: nilikuwa nafurahi. Sikuwa peke yangu."

Mwandishi huyu alikuwa na mashaka, na Jumatatu, siku mbili kabla kibuyu hakijapinduliwa, alikwenda kujionea. Jioni, kabla jua halijazama, alitumbukiza bua la mtama ndani ya kibuyu akalikata alama pale maziwa yalipofika. Akaziba mdomo, akaufunga kwa uzi alioununua mwenyewe dukani Malaba, na fundo lilikuwa lake. Halafu akaenda kulala kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, akijicheka.

Asubuhi fundo lilikuwa kama alivyoliacha. Akalifungua mwenyewe na kutumbukiza bua. Maziwa yalikuwa yameshuka vidole vinne, wala si vitatu wala si vitano. Aliogopa, na haoni aibu kusema hivyo.

Apolot aliridhika kuona kwamba sasa kuna shahidi. Kisha akamwonyesha jambo lililokuwa likimkosesha usingizi.

Alimpa Ekisa kikombe chake cha asubuhi. Mtoto akanywa nusu. Akaondoka mkekani kwa shida, akakiweka kikombe sakafuni mbele ya kigoda kitupu, akarudi kulala.

"Nimemwambia amalize," Apolot alisema. "Anakataa. Anasema nyanya yule mwingine ana njaa."

Ekisa alizaliwa mwaka wa sitini na nne, miaka mitatu baada ya Nabwire kuzikwa. Wazazi wake wanafanya kazi ng'ambo, Tororo. Mwaka jana aliugua surua, na ilipopita iliondoka na nguvu zake zote. Uji anautapika, na maziwa mabichi pia. Apolot alijaribu maziwa ya kugandisha ya jirani, nayo yakamtoka. Yanayokaa ni ya kibuyu kile tu, na hayo hayo anayagawa nusu kwa nusu.

Naliaka, muuguzi katika zahanati anakopimwa Ekisa, si mtu wa kudharau kibuyu.

"Maziwa yaliyoganda vizuri na kibuyu kisafi, mimi nashukuru," alisema. "Tumbo likitoka kwa surua linayapokea. Lakini huyo mtoto alikuwa ratili ishirini na nane. Mwezi uliopita, ishirini na mbili. Nimemwambia nyanya yake, mwisho wa mwezi akishuka tena, tutambeba kwa machela kwenda hospitali kubwa. Na sijui tutarudi naye."

Alipoulizwa habari za vidole vinne, Naliaka alifunga daftari lake. Alisema hayo hawakufundishwa chuoni.

Aliyejua la kusema ni Roselida, dada yake Nabwire, aliyefika kutoka Funyula Jumanne hiyo. Alimtazama Ekisa, akakitazama kigoda, kisha akaomba kuonyeshwa kibuyu. Hakuchelewa kutoa hukumu.

"Ulimzuia dada yangu," alimwambia Apolot mbele ya mwandishi huyu. "Atatokaje na chombo chake bado kimesimama? Zamani alikuwa anakula na wewe, mtu mzima. Sasa ametafuta mdogo. Hana ubaya. Ana njaa tu. Pindua."

"Nikipindua, mbegu itamwagika," alijibu Apolot. "Huyu mtoto hana chakula kingine."

"Na usipopindua?"

Jumatano macheo Apolot akakibeba kibuyu mpaka mlangoni, akakipindua. Maziwa yakamwagika juu ya udongo na udongo ukayanywa haraka. Alilia kwa sauti, kama alivyolia mwaka wa sitini na moja.

Ndiyo maana leo Jumamosi anangoja jua. Siku tatu hizi ameuza maji ya mululuza tu. Kiprono alipita Alhamisi akarudishwa bila kikombe. Ekisa amekuwa akipewa uji mwepesi kwa kijiko, naye anautoa. Jana jioni aliacha hata kulia, na hilo ndilo lililomtisha Apolot kuliko yote.

Jua linatoka nyuma ya miti. Apolot anasimama, anafunga leso yake vizuri, anakiinua kibuyu kwa mikono miwili. Anakitikisa. Hakuna sauti ya kitu. Anaingiza bua, nalo linatoka kavu, limeshika vumbi la makaa tu.

"Haya," anasema. "Mbegu imekwisha."

Anamimina maziwa mabichi. Hayana kitu cha kuyagandisha isipokuwa hicho kibuyu cheusi chenyewe. Anakata alama kwenye bua, anampa mwandishi uzi. "Funga wewe. Tutafungua Jumatatu. Nataka jicho lingine lione."

Siku hizo mbili zilikuwa ndefu. Jumapili mchana ilisemekana stesheni kwamba mtoto amefariki, na mwandishi huyu alikwenda mbio akiwa na kofia mkononi. Alimkuta Apolot anamlowesha Ekisa midomo kwa kitambaa. Mtoto alikuwa anapumua. Macho yake yalikuwa wazi, yamekikazia kigoda.

"Anamuangalia?" mwandishi aliuliza.

"Sijui," alisema Apolot. "Naogopa kumuuliza."

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, fundo lilikuwa salama. Mwandishi alilifungua, akatumbukiza bua, akalitoa. Kisha akalirudisha tena, kwa kuwa hakuamini.

Maziwa yalifika palepale kwenye alama. Hakuna hata kidole kimoja kilichopungua.

Apolot alilishika bua muda mrefu. Miaka saba alikuwa akiomba jambo hilo na akiliogopa, na sasa uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika stesheni akakuta gari limekwenda.

"Hakuniaga," alisema.

Akainamisha kibuyu juu ya kikombe. Maziwa hayakutoka mara moja. Yalikuja taratibu, mazito, na vijidoa vyeusi vya makaa. Apolot akachovya kidole akaonja. Akaonja tena. Kisha akakaa chini sakafuni, miguu imenyooshwa.

"Ni yale yale," alisema. "Ni ya Nabwire. Amekwenda na ameniachia."

Naliaka, alipoelezwa baadaye, alisema kibuyu cha siku nyingi huenda huficha mbegu ndani ya ngozi yake, hata kikikauka. Labda ni hivyo. Hakusema lolote kuhusu vidole vinne, na mwandishi huyu hakumrudia kwa swali hilo.

Apolot alimwinua Ekisa akamshika kichwa. Mtoto akanywa kidogo, akapumzika. Akanywa tena. Sote tulingoja yamtoke, na hayakumtoka. Alipofika nusu, Apolot alilegeza mkono kama ilivyokuwa kawaida, amwache apeleke kikombe kwenye kigoda.

Ekisa hakwenda. Alikitazama kigoda, akatazama mlangoni, halafu akamaliza maziwa yote. Kisha akakiweka kikombe sakafuni, mdomo chini, kama wanavyofanya watu wazima kwenye nyumba yenye msiba. Hakuna aliyemfundisha.

"Nyanya," alisema kwa sauti ndogo, "pale hakuna mtu. Nikae?"

Apolot alimbeba, akamkalisha kwenye kigoda cha Nabwire, akabaki amemshika mabega asianguke. Kisha akamwomba mwandishi amletee kibuyu, akakiinua kile kikombe na kukijaza tena.

Mwisho wa mwezi uko siku kumi na moja mbele, na machela ya zahanati bado inamngoja Ekisa.

"Mwambie Naliaka aiweke tu," alisema Apolot. "Mimi nitampeleka kwa miguu yake mwenyewe."