Mbu Waliomng'ata Papa

Jamani wenzangu, haya nimejitakia mwenyewe, nichekeni tu. Mie nafagia maabara ya mbu hapa Lindi, na mjukuu wangu Mwanaidi ndiye mpimaji. Wanapima damu iliyomo tumboni mwa mbu, wajue kamng'ata nani. Mashine yao inatoa nakala za vinasaba vya damu hiyo, kimoja kinakuwa mamilioni.

"Bibi, nakala za jana zikiingia kwenye kazi ya leo zinatudanganya," kaniambia Mwanaidi. "Ndiyo maana tunatia kimeng'enya hiki, kinakula mabaki."

Kinakula mabaki! Nikafurahi mie! Ijumaa nikanunua papa mbichi, jua linachoma, na kile chumba chao baridi tupu. Nikamkatakata palepale, kwenye meza wanayopasulia mbu. Nikapangusa kidogo, mengine nikamwachia kimeng'enya ale.

Wiki iliyofuata tukaitwa wote. Mwanaidi macho mekundu, kazi yake ya miezi inataka kutupwa.

"Mbu wote wa kijiji cha Pande wamemng'ata papa!" daktari mkuu akafoka. "Mbu kaenda baharini kufanya nini? Mwanaidi, kimeng'enya ulitia?"

"Nilitia, daktari. Lakini kinakula nakala za mashine tu. Papa mwenyewe hakimgusi."

"Kwa hiyo mnaniambia humu ndani kaingia papa mzima?"

Mjukuu wangu machozi yanamlengalenga. Uchungu ukanishika, nikadakia:

"Mzima wapi, daktari! Msimwonee mtoto. Nilileta nusu tu, tena upande wa mkia."